Bernini au Borromini: ukiwa na asubuhi moja tu Roma, uanze na nani?

Via del Quirinale, pale Roma, ni barabara iliyonyooka kama kamba ya mwashi. Upande mmoja kuna ubavu mrefu wa ikulu ya Rais wa Italia. Upande wa pili, yakiutazama ukuta huo, yapo makanisa mawili madogo. Kutoka mlango wa moja hadi mlango wa lingine ni mwendo wa dakika tatu, labda tano ukisimama kupiga picha. Ndani yote mawili yana umbo la yai. Yote ni ya karne ya 17, ya mtindo uleule wa Baroko. Na yalisanifiwa na watu wawili waliopishana kuzaliwa kwa muda usiotimia mwaka, wakafanya kazi pamoja ujanani, kisha wakawa wapinzani hadi mmoja alipofariki.

Kanisa moja, Sant'Andrea al Quirinale, ni la Gian Lorenzo Bernini. Lingine, San Carlo alle Quattro Fontane, ni la Francesco Borromini, nalo ni dogo kiasi kwamba Warumi wenyewe hulikatia jina: San Carlino, Karlo Mdogo. Watu husema lingeingia lote ndani ya nguzo moja kati ya zile nne zinazobeba kuba la Basilika la Mtakatifu Petro.

Ndugu na jamaa wanaokuja Roma kwa hija huwa na ratiba iliyobana. Vatikani siku moja, Assisi siku nyingine, na katikati wananipa asubuhi moja: "Tuonyeshe kitu kizuri cha zamani, lakini usituchoshe." Kwa hiyo nimelazimika kuchagua mara nyingi, na nimekosea zaidi ya mara moja. Mama mkubwa wangu, aliyetoka Bukoba na rozari mkononi na mwavuli kwapani, nilimwingiza San Carlino moja kwa moja kutoka kituo cha treni. Akatazama juu, akatazama kuta nyeupe, akanigeukia: "Mwanangu, hawa fedha za rangi ziliwaishia?"

Nilicheka, lakini lile ndilo swali lenyewe. Mtindo mmoja, mji mmoja, barabara moja, na bado mtu akiingia kanisa moja anapiga magoti, akiingia lingine anauliza rangi iko wapi. Ukijua tofauti inatoka wapi, utajua asubuhi yako uitumie wapi.

Kwanza, Baroko yenyewe

Neno hilo, kama inavyoaminika, limetoka kwa Wareno, waliokuwa wakiita barroco lulu iliyokataa kuwa duara. Lilianza kama kejeli. Waliolitumia walimaanisha sanaa iliyopinda na kutia chumvi, isiyo na adabu ya mistari iliyonyooka ya kizazi kilichotangulia.

Nyuma yake kuna ugomvi wa dini. Martin Luther alikuwa amelipasua Kanisa la Magharibi kuanzia 1517, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika mwaka 1563, ukaamua kuwa picha na sanamu zibaki makanisani, lakini zifundishe na ziguse moyo. Mapapa na mashirika ya watawa wakaanza kutafuta mafundi wa kuugusa huo moyo. Sanamu zikaacha kusimama wima na kuganda. Zikashikwa katikati ya tendo, mdomo wazi, nguo zikipepea. Kuta zikajikunja. Madirisha yakafichwa ili mwanga uonekane kama umetoka mbinguni badala ya uwani. Katika muziki nako, opera ilizaliwa Italia karibu na mwaka 1600 kwa nia ileile: msikilizaji atoke akiwa amelowa machozi. Roma ndiyo iliyokuwa karakana kuu, na ndani ya karakana hiyo wakatokea hawa wawili.

Mtoto wa fundi maarufu na mtoto wa mchonga mawe

Bernini alizaliwa Napoli, Desemba 1598. Baba yake, Pietro, alikuwa mchongaji anayejulikana, na mtoto alilelewa ndani ya vumbi la marumaru na salamu za makardinali. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa amekwisha kuchonga kwa ajili ya Kardinali Scipione Borghese sanamu ambazo hadi leo watu hukata tiketi kuziona. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno matamu. Alitunga hata michezo ya kuigiza. Alifanya kazi chini ya mapapa wanane, na Urbano VIII alimpenda kama mwana.

Borromini alizaliwa Septemba 1599 kijijini Bissone, kando ya ziwa Lugano, sehemu ambayo leo ni Uswisi. Jina lake la ukoo lilikuwa Castelli. Hilo la Borromini alijichagulia baadaye. Baba yake alikuwa mchonga mawe. Alifika Roma karibu 1619 na nyundo na tindo, akapokewa na jamaa yake Carlo Maderno, msanifu wa Basilika la Mtakatifu Petro. Alikuwa mtu wa kimya, hakuoa, alivaa nguo nyeusi za Kihispania hata fasheni hiyo ilipokwisha pita.

Maderno akafa 1629. Nafasi yake akapewa Bernini, kijana wa miaka 30 ambaye alijua kuchonga lakini ujenzi hakuwa ameuzoea sana, na Borromini, aliyezijua ramani kwa kichwa, akabaki chini yake. Hapo ndipo chuki ilipoota. Inasimuliwa kuwa Borromini alisema hakuumia kwa fedha alizozipata Bernini, aliumia kwa heshima aliyovuna kwenye jasho la mwenzake. Ukitazama ule mwavuli mkubwa wa shaba juu ya altare ya Mtakatifu Petro, wenye kimo cha karibu mita 29, uliomalizika 1633, jina linalotajwa ni Bernini. Wanaochunguza michoro wanaona mkono wa Borromini humo pia.

Zamu ya kulipiza ikaja. Minara ya kengele aliyoianza Bernini mbele ya basilika ilisababisha nyufa, na mnara uliokwisha simama ukabomolewa mwaka 1646. Borromini alikuwa miongoni mwa waliotoa maoni dhidi yake, tena kwa vipimo.

Nisikufiche, malaika hapakuwa. Mwaka 1638 Bernini alimtuma mtumishi akamchane uso Costanza, mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, baada ya kumfumania na mdogo wake mwenyewe Bernini. Papa akamsamehe faini. Na mwishoni mwa 1649 mafundi wa Borromini, kwa amri yake, walimpiga mtu aliyekutwa akiharibu mawe kwenye ukarabati wa Basilika la Laterani, naye akafa. Hapo pia msamaha ukatoka kwa Papa. Huwa nawaambia wageni mambo haya kabla hatujaingia kanisani. Wengine hunikasirikia.

Mayai mawili kwenye barabara moja

Tuanze na Sant'Andrea, ambalo Bernini alilianza 1658 kwa ajili ya manovisi (watawa walio mafunzoni) wa Wajesuiti, kwa fedha za Camillo Pamphilj, aliyewahi kuwa kardinali. Yai lake limelazwa kwa ubavu. Ukipita mlango tu, altare iko usoni pako, karibu, na upana unakukimbia kushoto na kulia. Mwashi mbaya angeweka kikanisa kizuri kwenye kila ncha ya upana huo, na macho ya waumini yangetoroka pembeni. Bernini aliweka hapo ukuta mnene wenye nguzo bapa. Jicho likigonga, linarudi altareni. Hana nia ya kukuacha utangetange.

Na altareni kuna hadithi ya kupandisha ngazi. Chini kuna mchoro wa Guillaume Courtois wa Mtume Andrea akiteswa msalabani, ukimulikwa na mwanga ambao chanzo chake hukioni. Inua macho: Andrea yuleyule, sasa wa lipu nyeupe, ameketi juu ya wingu na mikono imefunguka, anapaa kupitia pengo la paa la altare. Inua tena: kuba la dhahabu, na pembezoni mwake, juu ya madirisha, wameketi wavuvi na nyavu zao, kwa kuwa Andrea alikuwa mvuvi. Juu kabisa, katika kijumba cha madirisha kilicho kileleni mwa kuba, yupo njiwa wa Roho Mtakatifu. Mtoto asiyejua kusoma anaielewa habari yote kwa kunyanyua kidevu. Mama mkubwa alipoingia humo alisimama akitazama wavuvi, akasema, "Hata nyavu wameweka," kisha akapiga magoti na mimi nikakaa nyuma nikisubiri kwa nusu saa.

Marumaru nyekundu yenye mishipa myeupe, dhahabu, kila kitu kinanong'ona fedha. Lakini inasimuliwa kuwa Bernini mwenyewe hakuchukua ujira, ila mkate kutoka tanuri la manovisi. Na mwanawe ameandika kwamba uzeeni alimkuta baba yake amejikalia humo peke yake, akikiri kuwa hiyo ndiyo kazi yake iliyompa raha ya moyoni.

Sasa toka, geuka kulia, fuata ukuta hadi kwenye njia panda yenye chemchemi nne za kona. Hapo ndipo lilipo San Carlino.

Mwenye kazi alikuwa shirika maskini la Watrinitari wa Hispania, watawa ambao karama yao ilikuwa kukomboa mateka. Kiwanja cha kona, kidogo, kilichopinda. Bajeti ndogo. Borromini alianza na makao ya watawa mwaka 1634, akaanza kanisa 1638, na ndani likakamilika 1641. Naye pia hakudai malipo, kwa mujibu wa mtawa aliyesimamia ujenzi na kuandika kumbukumbu zake. Mtawa huyo anaeleza jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushinda saiti atalipenda: Borromini alikuwa akimshika mwashi mkono na mwiko wake, seremala na msumeno wake, mchonga mawe na tindo lake, mhunzi na tupa yake. Hakuchora ramani akaondoka.

Yai lake limesimama kwa urefu, altare iko mbali mwishoni. Ila neno yai halitoshi. Chini, ukuta unaingia na kutoka kama bahari ya kusi, na nguzo 16 zimepangwa kuufuata. Ramani yake imejengwa juu ya pembetatu mbili zilizogusana, kwa namba tatu ya Utatu Mtakatifu, ambao ndio ulioipa shirika lenyewe jina lake. Kadiri unavyopanda, mawimbi yanatulia, hadi kufika kwenye kuba ambalo ni yai safi. Na kuba hilo ndilo kazi ya kukaa ukatazama. Misalaba, maumbo ya pembe nane na ya pembe sita yamefungamana kama sega la nyuki, na yanapungua ukubwa kuelekea juu, kwa hiyo kuba linaonekana refu kuliko lilivyo. Madirisha yamefichwa kwenye kitako cha kuba, na lote linaelea. Kileleni, ndani ya pembetatu, yupo njiwa wa Roho Mtakatifu. Njiwa yuleyule wa kule ulikotoka.

Rangi? Hakuna. Ni matofali, chokaa, na lipu nyeupe. Baba yangu alikuwa mwashi, na aliniambia mara nyingi kuwa lipu haifichi kosa, inalitangaza. Marumaru ndiyo inayoficha. Ndiyo maana napenda San Carlino kuliko kanisa lolote Roma, na ndiyo maana nisiaminiwe peke yangu katika jambo hili. Bernini alikuwa na mawe ya thamani. Borromini alikuwa na kipimo tu, na kwa kipimo akafanya ukuta wa tofali utembee.

Usitoke kabla hujaingia kwenye ua wa ndani wa watawa, mlango uko kandoni. Ni uwanja mdogo, ghorofa mbili za nguzo, na pembe zake hazina ncha: zimekatwa na kuvimba kuja kwako. Tazama vijiti vya mawe vya uzio wa juu. Kimoja kimesimama kichwa juu, cha pili yake kichwa chini, hivyohivyo kuzunguka. Wageni kumi wakipita, tisa hawaoni.

Uso wa kanisa upande wa barabara, ule unaopinda ndani na nje, Borromini aliuanza 1665, akafa kabla sehemu ya juu haijamalizika. Kanisa lake la kwanza la kujitegemea likawa pia kazi yake ya mwisho. Na sanamu ya Mtakatifu Karolo Borromeo juu ya mlango ilichongwa na Antonio Raggi, fundi yuleyule aliyetengeneza yule Andrea mweupe na wavuvi kule kwa Bernini. Kwa mafundi, kazi ni kazi. Ugomvi wa wakubwa waliwaachia wakubwa.

Ngazi mbili, jumba moja

Ukiteremka kidogo kutoka njia panda ile unafika Palazzo Barberini, jumba la familia ya Papa Urbano VIII, ambalo sasa ni makumbusho ya taifa ya michoro. Wote wawili walifanya kazi hapa, na kwa desturi kila mmoja anapewa ngazi yake. Ya kushoto ni ya Bernini: inapanda kwa vipande vilivyonyooka kuzunguka shimo la mraba, na kila kona unajua uko wapi. Ya kulia ni ya Borromini: inazunguka kama konokono mwenye umbo la yai, nguzo mbilimbili, na huoni mwisho wake mpaka ufike. Ukiwa huna muda hata wa makanisa, panda moja, shuka na nyingine. Miguu itakujulisha ni yupi wa kwako.

Tukiwa kwenye majumba, lipo moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kulipita: makao ya Propaganda Fide, karibu na ngazi maarufu za Uhispania. Hii ndiyo ofisi ya Vatikani iliyosimamia nchi za misheni, na kwa miongo mingi majina ya maaskofu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo yalipita mezani pake. Uso unaotazama uwanja wa Piazza di Spagna ni kazi ya Bernini, umetulia kama mzee wa baraza. Pinda kona uingie kichochoro cha pembeni uone ukuta wa Borromini: madirisha yamebanwa, yanavimba na kuingia, kama jengo linavuta pumzi. Ndani Bernini alikuwa amejenga kikanisa mwaka 1634. Borromini alikibomoa akajenga chake, cha Mamajusi Watatu. Na Bernini nyumba yake ilikuwa mkabala. Fikiria unafungua dirisha asubuhi, mpinzani wako anabomoa kazi yako, na wewe unakunywa uji.

Mto Nile uliofunikwa uso

Piazza Navona kuna uzushi ambao waongoza watalii hawachoki kuuza. Katikati ya uwanja ipo Chemchemi ya Mito Minne ya Bernini, iliyokamilika 1651: mito ya mabara manne kama Ulaya ilivyoyajua wakati ule, Danube, Ganges, Rio de la Plata na Nile, kila mmoja akiwa jitu la marumaru chini ya mnara wa mawe wa enzi za Warumi. Mkabala wake ni kanisa la Sant'Agnese, ambalo Borromini aliingia kulijenga 1653. Watakuambia jitu la Plata limeinua mkono likihofia kanisa litaanguka, na Nile amejifunika kichwa asilione. Hesabu miaka: chemchemi ilimalizika kabla Borromini hajakanyaga pale.

Nile amefunikwa kichwa kwa sababu wachoraji ramani wa Ulaya hawakujua mto ule unaanzia wapi. Nilimweleza mama mkubwa. Yeye amezaliwa kilomita chache kutoka mto Kagera, unaobeba maji ya Burundi na Rwanda na kuyamwaga Ziwa Viktoria, ambalo Nile hutokea humo pale Jinja. Akamtazama yule jitu na shuka lake kichwani, akasema: "Si wangetuuliza?"

Kwa ushindani wa uwanja huu mimi nampa Bernini bila kusita, ingawa Borromini ndiye aliyekuwa ametangulia kufikiria mambo ya chemchemi hiyo na kuleta maji. Sant'Agnese ilipita mikono mingi, haina sauti moja.

Mahali ambapo hakuna mashindano

Kuna vitu vya Bernini ambavyo Borromini hakuwahi hata kujaribu, kwa kuwa hakuwa mchongaji wa miili. Kwenye makumbusho ya Galleria Borghese, ipo sanamu ya Pluto anayemteka Proserpina: vidole vya mungu yule vimezama kwenye paja la msichana, na ni jiwe. Chumba kingine, Daphne anageuka mti huku Apollo akimfikia, vidole vyake vimekwisha kuwa majani membamba kiasi kwamba unaogopa kupiga chafya. Tiketi hukatwa mapema na unapewa saa mbili tu ndani. Uwanja wa Mtakatifu Petro nao ni wake: nguzo 284 kwa safu nne, na watakatifu 140 juu yake, uliojengwa kuanzia 1656. Kati ya mnara wa katikati na kila chemchemi kuna duara la jiwe chini sakafuni. Simama juu yake, zile safu nne zinajificha nyuma ya moja. Mahujaji wa kwetu huwa wanapita juu ya jiwe hilo wakikimbilia foleni ya ukaguzi.

Borromini naye ana Sant'Ivo alla Sapienza, kanisa la chuo kikuu cha zamani, lenye ramani ya nyota na kilele kinachojisokota kama ganda la konokono wa bahari. Kwa kawaida hufunguliwa Jumapili asubuhi, kwa hiyo ratiba ndiyo itakayoamua. Na ana ile njia ya nguzo ya Palazzo Spada: urefu wake haufiki mita 9, lakini sakafu inapanda, dari inashuka, nguzo zinapungua, na macho yanaapa kuwa ni mita 30 na zaidi. Sanamu iliyo mwisho wake unaiona kama mtu mzima. Mlinzi akisimama kando yake unagundua haifiki kiunoni. Watoto huangua kicheko.

Kwa hiyo, nani kwanza?

Ukija na wazazi, na kikundi cha kwaya, au na mtu ambaye sala ndiyo iliyomleta, mpeleke kwa Bernini. Hahitaji mwalimu. Anakushika mkono mlangoni, anakusimulia, anakuacha umejaa. Ukitaka zaidi, tembea dakika chache hadi Santa Maria della Vittoria ukamwone Mtakatifu Teresa wa Avila, na malaika mwenye mshale. Hapo utaamua mwenyewe kama Bernini alivuka mpaka. Nimewahi kumpeleka padre mmoja akatoka amekunja uso.

Ukiwa peke yako, au ukiwa mwashi, mchora ramani, fundi lipu, mwalimu wa hesabu, au mtu tu asiyependa kushikwa mkono, nenda kwa Borromini, na ukae. Dakika tano za kwanza San Carlino hazina kitu. Ya kumi ukuta unaanza kusogea. Mwanamuziki mmoja niliyemleta alikaa saa nzima, akaniambia lile kuba analisikia.

Nchi zao zenyewe, kila moja ilimchagua wake: Uswisi ilimweka Borromini kwenye noti ya faranga 100 ya mwaka 1976, Italia ikamweka Bernini kwenye noti ya lira 50,000 ya mwaka 1984.

Na kama una muda wa yote mawili, mpangilio una uzito. Nilikosea kwa mama mkubwa kwa kuwa alikuwa amechoka na safari na sikumpa nafasi ya kuketi. Utaratibu wenyewe ulikuwa sahihi. Anza San Carlino, kisha Sant'Andrea. Ukianza na dhahabu, lipu nyeupe haitakuambia kitu tena siku hiyo. San Carlino pia hufungwa mapema, hivyo angalia karatasi ya saa iliyobandikwa mlangoni. Kutoka kituo cha Termini kwa miguu ni kama robo saa. Ukipanda metro, shuka Barberini ujiandae na mlima.

Makaburi yao ukitaka, la Bernini, aliyefariki Novemba 1680, liko Santa Maria Maggiore, basilika hilohilo ambamo alizikwa Papa Fransisko Aprili 2025. Foleni ya kwenda kwa Papa ni ndefu, na bamba la Bernini, karibu na ngazi za altare kuu, ni jiwe la kawaida sakafuni lenye maneno machache. Wasomaji wa Kongo, mkiwa humo ulizeni sehemu ya ubatizo: ipo sanamu ya kichwa cha António Manuel, balozi wa Ufalme wa Kongo aliyefika Roma na kufa hapo Januari 1608.

Borromini alifariki Agosti 1667. Alikuwa mgonjwa, usiku ule alitaka taa aandike wosia, mtumishi akamkatalia kwa agizo la daktari apate kulala. Akajiangusha juu ya upanga wake, akaishi muda wa kutosha kusimulia mwenyewe ilivyotokea na kutubu. Alizikwa San Giovanni dei Fiorentini, kaburini mwa Maderno, jamaa aliyempokea alipofika na nyundo yake. Foleni hakuna. Siku niliyokwenda kulikuwa na mimi na mama mmoja wa Kirumi aliyekuwa akibadilisha maua.